Aliyefunga Maji ya Mji Bila Kuuliza

Nimeambiwa niandike mimi kwa kuwa ndimi mkubwa niliyebaki. Wapo watoto wa marehemu ndugu yangu waliosoma hadi vyuo, wapo wajukuu wenye kompyuta, lakini kalamu wamenikabidhi mimi niliyeishia darasa la pili. Walisema, "Shangazi ndiye anayejua mwanzo wake." Mwanzo naujua, sikatai. Ila mkono wangu mzito, macho yamechoka, na mtu wa miaka sabini na saba angeachwa akae kwenye kiti alie kama wenzake. Haya, nimeandika. Binti yake wa mwisho amepiga chapa, na nimemwambia arekebishe herufi tu, maneno ayaache yalivyo.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya tatu kutoka kisima cha zamani, nyuma ya kiwanda cha matofali ambacho siku hizi ni maegesho ya malori. Alikuwa mtoto wa tano na kitinda mimba. Baba yetu alikuwa seremala, mama alikuwa akifua nguo za watu. Mama aliugua baada ya kumzaa, na mimi nilikuwa na miaka tisa, basi nikatolewa shule nimlee. Alikuwa mtoto mzito. Naandika hilo kwa sababu mgongo ulikuwa wangu.

Alipokuwa na miaka mitano mama alimweka kwenye kibaraza alinde ndoo ya maji ya kunywa, kuku wasiiguse. Tukaenda kwenye msiba wa jirani, tukamsahau. Tuliporudi alasiri tulimkuta amekaa pale pale, fimbo mkononi, midomo imemkauka. Mama akamuuliza, "Mbona wewe mwenyewe hukunywa?" Akajibu, "Hukusema ninywe. Ulisema nilinde." Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua atatusumbua.

Alianza shule Januari 1959 na akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa yule ambaye mwalimu akitoka darasani humwachia chaki. Akaenda chuo cha ufundi kujifunza kazi ya bomba na pampu, na cheti chake kina tarehe 2 Desemba 1969. Akitoka shule alikuwa ananichorea herufi kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, mimi huku napepeta mchele. Ndizo hizi ninazoandika. Zikipinda, mlaumuni yeye.

Tarehe 4 Machi 1974 aliajiriwa kuwa mlinzi wa lango kwenye mtambo wa kusafisha maji, ule ulioko kilimani, unaonywesha mji mzima. Kwa wasiofika huko: pana uzio wa waya mara mbili, lango la chuma la kijani, na kibanda chenye dirisha moja, meza moja, daftari la wageni, na kalamu iliyofungwa uzi ili isitembee. Mgeni aliandika jina, anakotoka, saa, na shida iliyomleta. Asiye na kibali hakuingia. Marehemu alipewa sheria hiyo siku ya kwanza na hakuiuliza maswali.

Mwaka 1983 meneja wa wakati ule alisahau kitambulisho nyumbani. Gari likasimama langoni, dereva akapiga honi.

"Fungua, we! Humjui huyu ni nani?"

"Namjua vizuri. Ndiye aliyetia sahihi sheria inayosema nisimfungulie."

Meneja akashusha kioo. "Na nikikuamuru?"

"Niamuru kwa karatasi, mkuu. Ofisi yako iko mle ndani, lakini huwezi kuingia kuiandika."

Walinzi wenzake walifikiri amemwaga unga. Meneja alirudi nyumbani, akaleta kitambulisho, akaandika jina kwenye daftari kama watu wengine, na kwenye shida akaandika "kazi." Tangu siku hiyo wakamwita Kufuli, na wengi wenu mliokaa hapa hamkuwahi kumjua kwa jina jingine.

Ndoa nimeiruka, narudi. Wifi yangu ni fundi cherehani, na mwaka 1979 ndiye aliyeshona sare za wafanyakazi wa mtambo. Alizileta mara tatu akiwa na furushi kichwani, na mara tatu alirudishwa: kwanza hana kibali, mara ya pili kibali hakina tarehe, mara ya tatu tarehe ilikuwa ya jana. Mara ya nne alikuja na karatasi yenye mihuri minne, akaiweka mezani kwa kishindo, akasema, "Hii ya sare. Na kibali cha kukuona wewe kinatolewa ofisi gani?" Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980. Miaka yote alipompelekea chakula kazini alilazimishwa kuandika kwenye daftari, na tangu jina lile limkae mumewe, kwenye shida aliandika, "Kulisha kufuli."

Sasa nafika mahali ambapo watoto walinishauri nipapite haraka. Sipiti haraka.

Mwaka 1996 watu walilipua mitambo ya umeme ya mji mwingine, na mji ule ukakaa gizani wiki tatu. Mwezi uliofuata simu ililia ofisini kwenye mtambo wetu, sauti ya mwanaume ikasema, "Umeme tumemaliza. Sasa maji. Mtakunywa sumu." Ikakatika. Hakujulikana alikuwa nani hadi leo. Walikuja watu wa usalama, wakaongeza taa, wakaongeza askari, na wakajenga chumba kidogo kilicho karibu na bomba kubwa la kutokea. Ndani waliweka tangi la kioo, na samaki sita wa kijivu, urefu wa kidole. Maji yale yale yanayokwenda mjini yalipita kwanza kwa samaki. Mtu mmoja alikaa kwenye kiti akiwatazama kwa zamu ya saa nane, na kila robo saa aliandika kwenye daftari: wazima sita. Ukutani palikuwa na karatasi ya sheria kumi na moja, na kitufe chekundu. Sheria ya nne ilisema samaki watatu wakilala ubavu, mtazamaji abonyeze kitufe papo hapo, pampu zisimame, ndipo atoe taarifa. Kubonyeza kwanza, kuuliza baadaye.

Yule meneja wa kitambulisho alimchagua marehemu kuwa mtazamaji wa zamu ya asubuhi. Ilikuwa barua yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mimi nilimcheka ndugu yangu. Nilimwambia, "Miaka ishirini na mbili kazini, umepandishwa cheo kuwa yaya wa samaki." Akasema, "Dada, wewe ulikuwa yaya wangu, mbona hukulalamika?" Nilikuwa nimelalamika sana, ila hakuwa na umri wa kusikia.

Jumanne tarehe 9 Juni 1998, saa nne na dakika ishirini asubuhi, samaki wote sita walilala ubavu kwa mpigo. Alibonyeza. Pampu zikanyamaza kilima kizima. Simu ya meneja mpya ilikuja kabla hajakaa tena kwenye kiti.

"Nani amezima pampu?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya samaki, mkuu."

"Unanifanyia mzaha?"

"Sina mzaha. Wamelala sita."

Mji ulikaa bila maji saa ishirini na tatu, hadi maabara iliposema maji ni salama na hayakuwa na kitu. Hospitali ilitumia matangi ya akiba. Shule zilifungwa. Wengi wenu mnaikumbuka siku hiyo, kwa hiyo siwaelezi foleni za magari ya maji zilikuwaje. Nitaeleza ya kwangu tu, nyuma ya soko la nguo. Nilikuwa na ndoo mbili. Mbele yangu wanawake wanapiga soga.

"Eti kuna mlinzi kafunga. Samaki wake wamelala."

"Si angewaamsha!"

Tukacheka. Nami nikatia langu, tena kwa sauti: "Aliyefunga naye akauke koo hivi hivi." Mwanamke mmoja akageuka, akaniangalia. "Mama, si ndugu yako yule? Kufuli?" Nilibeba ndoo zangu nikaenda nyumbani zikiwa tupu. Maneno yale sikumwambia marehemu, wala mtu yeyote. Leo ndiyo mara ya kwanza nayataja.

Uchunguzi ulionyesha hivi. Kesho yake wageni wa makao makuu walitarajiwa, na mama wa usafi aliambiwa kila chumba king'ae. Alfajiri, walinzi wakipokezana zamu mlangoni, alipanda kwenye stuli akaosha kioo cha tangi kwa sabuni ya unga, ndani na nje, na mabaki yakaendelea kuyeyuka. Ilikuwa ni sabuni. Mama yule alikuja kwa marehemu. "Mzee, nilitaka ipendeze."

"Imependeza, mama. Hata samaki wamekosa la kusema."

Kwenye kamati walitaka kumfukuza mama huyo. Marehemu alisimama akasema sheria za ukutani ni kumi na moja, ameshazisoma kila siku miaka miwili, na hakuna inayokataza sabuni. Basi kosa ni la aliyeandika, aongeze ya kumi na mbili. Waliongeza. Mama wa usafi akabaki na kazi yake. Ila mtu mmoja ilibidi abebe lawama, kwa sababu wageni walikuta mabomba makavu.

Barua ya onyo ina tarehe 22 Juni 1998. Nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, siku nzima. Inasema marehemu "alifunga maji bila idhini ya mkuu wake na kuwasababishia wateja usumbufu mkubwa pasipo sababu." Aliondolewa chumba cha samaki akarudishwa langoni. Kibali chake chekundu kilichukuliwa akapewa cheupe, ambacho hakimruhusu kuvuka gereji iliyo karibu na lango. Nakala ya barua ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ili walinzi wengine wajifunze.

Wakajifunza.

Meneja alimwambia kwamba akiandika mstari mmoja wa kuomba radhi, barua itatolewa kwenye faili na atarudi kwenye kiti chake. Mstari mmoja! Nilikwenda kwake Jumapili, nikamkuta anapanga matofali ya kibaraza.

"Andika," nikamwambia. "Hata mimi nisiyejua kuandika vizuri ningeandika."

"Niandike nini?"

"Kwamba umekosea."

"Sheria ya nne inasema watatu. Walilala sita. Nimekosea wapi?"

"Ilikuwa sabuni, wewe!"

"Samaki hawakuniambia ni sabuni, dada. Na kesho wakilala, nitasimama pale nikijiuliza kama ni sabuni? Mji unywe wakati mimi ninawaza?"

"Una kichwa kigumu."

"Nimekitoa wapi?"

Niliondoka. Hatukusemeshana miezi kumi na minne. Sikuomba radhi, naye hakuomba. Siku moja alikuja na spana, akarekebisha bomba la jikoni kwangu lililokuwa linavuja, nikampa chai, akanywa, ikaisha.

Tarehe 19 Oktoba 2004 koki ya klorini ilivunjika ndani ya mtambo, na dawa ikamiminika kwenye maji kupita kiasi. Samaki wanne walilala ubavu. Kwenye kiti alikuwa mlinzi anayeitwa Mrefu, ambaye leo amekaa safu ya tatu, na amenipa ruhusa niandike aliyoniambia. "Mama, nilimpigia mkuu wa zamu, hakupokea. Nikampigia meneja, akasema nisubiri amalize kikao. Nikasubiri. Kitufe kilikuwa hapa, kama goti langu na mkono wangu. Nikawa naiona ile barua ubaoni."

Alisubiri dakika hamsini. Watu mia moja na arobaini walipelekwa hospitali wameungua midomo na koo, wengi wao watoto wa shule iliyo chini ya kilima, kwa sababu bomba lao ndilo la kwanza. Hakufa mtu. Marehemu siku hiyo alikuwa langoni, hatua mia mbili kutoka kwenye kitufe, na kibali cheupe. Hakujua kitu hadi aliposikia gari la wagonjwa. Nilimuuliza baadaye kama alijisikia vizuri, kwamba sasa wamemwelewa. Aliniangalia kama nimemtukana. "Watoto wameungua makoo, dada. Nijisikie vizuri kwa lipi?"

Meneja alihamishwa. Walinzi hawakuambiwa lolote. Barua ya onyo haikutolewa kwenye faili, kwa sababu ofisi ilisema mwenye faili ndiye anayetakiwa kuomba, na mwenye faili alisema aliyeiweka ndiye aitoe. Hivyo ndivyo walivyotazamana hadi alipostaafu tarehe 14 Agosti 2011. Kwenye ukumbi wa mtambo kuna ubao wa majina ya waliotumikia bila doa. Miaka thelathini na saba aliyokaa, jina lake halipo.

Baada ya kustaafu alitengeneza mabomba ya majirani na kugombana nao kuhusu mifuniko ya matangi yao. Mwaka 2017 figo zake zilianza kushindwa. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Siku ya kwanza alimuuliza muuguzi, "Mashine hii inatumia maji?" Akaambiwa inatumia, tena mengi. "Ya wapi?" "Ya bomba, mzee, yanachujwa." Akanigeukia, akaniambia, "Basi niko mikononi mwa Mrefu." Alicheka, lakini aliporudi nyumbani alimpigia simu Mrefu, wakaongea saa nzima. Mrefu anasema alimuuliza swali moja tu mara nyingi: "Wakilala leo, utabonyeza?" Naye kila mara alijibu, "Nitampigia mkuu kwanza, Kufuli. Nina watoto." Kwa sababu barua ya marehemu bado iko pale ubaoni. Karatasi yake imekuwa ya njano, lakini inasomeka.

Wiki mbili kabla ya kufariki aliniita. Hakuwa mtu wa kuomba, kwa hiyo aliongea kama anayetoa taarifa. "Dada, mimi sitaki cheti wala jina langu ubaoni. Ile barua ikikaa pale, hakuna atakayebonyeza." Nikamwambia angeandika ule mstari tangu zamani. Akasema, "Ningeandika, ingekuwa mbaya zaidi. Wangebandika na mstari." Imenichukua miaka ishirini na moja kukubali kwamba alisema kweli.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Machi 2019, saa tisa alasiri, wodi namba nne, mke wake akiwa ameshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, watoto watatu ambao ni fundi umeme, muuguzi na mwalimu wa shule ya msingi, wajukuu saba, na dada mmoja, ambaye ndiye mimi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na majirani waliotuletea viti. Apumzike, kazi yake aliifanya kama alivyoagizwa.

Ila sijamaliza, msikunje karatasi.

Jana nilikwenda kilimani. Niliandika jina langu kwenye daftari, na kwenye shida nikaandika "barua." Karani wa faili ni kijana mpole. Aliniambia, "Bibi, mwenye faili akifariki, linakaa wazi siku thelathini, kisha linafungwa na kwenda stoo, na lililo stoo halibadilishwi." Nikamuuliza barua inatokaje. Akasoma kitabu chake. Onyo linalosema wateja walisumbuliwa linaweza kufutwa kama wateja wenyewe watasema kwa maandishi. Siyo mimi tu. Wateja. Na likifutwa kwenye faili, nakala ya ubaoni inashuka siku hiyo hiyo.

Wateja ni ninyi. Mmekaa hapa mia tatu na zaidi, na wengi mlikuwa na ndoo siku ile.

Geuzeni karatasi hii. Ukurasa wa nyuma nimewaambia wauache mweupe. Andika jina lako, mtaa uliokuwa unakaa mwaka 1998, na sema kama ungetaka mlinzi wa maji yako abonyeze kwanza au apige simu kwanza. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, wino uko mezani kwa wifi yangu karibu na mlango. Wa kwanza nimeandika mimi, na nimeandika na nilichosema kwenye foleni. Mrefu ameandika wa pili. Mkuu wa mtambo, nakuona umekaa mbele na miwani. Ukurasa wako nao ni mweupe kama wa wengine.

Mwenye hasira ya siku ile hadi leo aandike hasira yake, ofisi iisome. Sitachagua. Lakini asiondoke mtu na ukurasa mtupu. Siku thelathini zinaisha tarehe 11 Aprili, na mimi Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwa karani. Andikeni sasa, kabla hamjasimama.